Mwenye Mbio na Mwenye Kukaa

Leo nitaandika kirefu kuliko kawaida yangu. Kama uko kwenye matatu ya kwenda Meru au Nanyuki, una muda wa kutosha. Kama uko kazini, weka kando usome jioni, bosi asije akanilaumu mimi.

Jana tulipotoka kwenye maombi ya alfajiri anga lilikuwa safi kabisa, na Mlima Kenya ulionekana upande wa kusini, vilele vyote, na ile theluji kidogo iliyobaki. Sisi wa Isiolo tumeuzoea, hatuutazami tena. Lakini tarehe 3 Desemba 1849 kuna mtu aliyeuona mlima huu akiwa Ukambani, sehemu za Kitui, akaandika Ulaya kwamba karibu na ikweta kuna mlima wenye theluji. Wataalamu wengine wa ramani, waliokuwa hawajawahi kukanyaga huku, wakambishia. Mtu huyo hakuwa mpelelezi wa serikali. Alikuwa mmisionari, jina lake Johann Ludwig Krapf.

Ulimkariri shuleni. Ulimkariri pamoja na mwenzake Johannes Rebmann: "Krapf na Rebmann", kwa pumzi moja, kana kwamba ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Hata mimi nilitoka chuo cha Biblia nikidhani hivyo. Nilipokuja kusoma habari zao kwa utulivu nikagundua kwamba watu hawa walitofautiana kama Isiolo na Timau. Ni safari ya chini ya saa moja, lakini huku unatafuta kivuli na kule unatafuta sweta.

Nataka nikusimulie habari zao kwa sababu kanisani kwetu tuna tatizo, na mimi mchungaji wako nimelilea. Nitalifikia.

Krapf alizaliwa 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, kusini mwa Ujerumani, mtoto wa mkulima. Chama cha Church Missionary Society cha London kilimtuma Ethiopia, akaingia huko 1837. Mzigo aliokuwa nao moyoni ulikuwa watu wa Oromo. Simama hapo kidogo. Ndugu zetu Waborana, unaokutana nao kila siku sokoni, ni Waoromo. Mtu huyu alikuwa anatafsiri sehemu za Injili kwa Kioromo miaka ya 1840, kabla hata Isiolo haijawa mji. Sasa ukiona mtu anashangaa Mborana akisifu kwa lugha yake kanisani, mwambie kazi hiyo ilianza kitambo.

Ethiopia mlango ulifungwa. Mtu mwingine angerudi nyumbani. Krapf alisema nitazunguka kwa bahari, niwafikie kutoka upande wa chini. Januari 1844 yuko Unguja, anapata barua ya ruhusa kutoka kwa Sultani Seyyid Said, kisha anakwenda Mombasa. Julai mwaka huohuo mkewe Rosine akafa kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto wao wa kike naye akafa. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Akaiandikia kamati ya London kwamba kaburi hilo ni dalili kuwa kazi imeshaanza. Na mwaka huohuo wa 1844 alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Huyo ndiye Krapf. Mtu wa kusukuma. Akifungiwa mlango anatafuta dirisha. Alikuwa na ndoto ya mnyororo wa vituo vya Injili kutoka Mombasa kukata Afrika nzima hadi pwani ya magharibi. Na aliiota ndoto hiyo wakati kazi yote ilikuwa na kituo kimoja, chenye watu wachache wanaopokezana homa! Mimi nampenda sana, nakiri. Mnaonijua mnajua kwa nini. Mimi ndiye mchungaji aliyetangaza ujenzi wa kanisa Jumapili kabla ya kuuliza bei ya mabati.

Rebmann alifika Juni 1846, kijana wa miaka 26. Agosti mwaka huo wazee wa Rabai wakawakubalia wakae kwao, na wawili hao wakahamia, wote wawili wakiwa na homa. Mwanzoni Rebmann naye alisafiri. Aprili 1848 aliondoka na wapagazi wachache, kiongozi wa msafara aliyeitwa Bwana Kheri, na mwavuli. Tarehe 11 Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro. Kwa hiyo usidhani mtu mpole ni mtu mwoga. Mwaka uliofuata alirudi Uchagani, na safari hii mtawala wa Machame, Mamkinga, akamnyang'anya mali yote aliyobeba. Rebmann akarudi Rabai mikono mitupu, mwili umechoka. Baada ya hapo safari zake kubwa zikaisha. Akakaa.

Na kukaa huko ndiko kulikowagombanisha.

Krapf aliendelea kwenda. Mwaka 1851 aliongozana na Kivoi, yule mfanyabiashara na kiongozi mkubwa wa Wakamba, kuelekea mto Tana. Msafara ukavamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake nyikani akitembea usiku na kujificha mchana. Alipofika mtoni alijaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, maana hakuwa na chombo kingine. Habari kwamba amekufa zilitangulia kufika pwani kabla yake. Na mtu huyo aliyenusurika hivyo bado alitaka watenda kazi watawanywe, mmoja Ukambani, mwingine Usambara, mwingine kwingine.

Rebmann aliona vinginevyo. Kwake, watu wachache hivyo wakitawanywa hakuna mahali patakapolimwa vizuri. Afadhali kituo kimoja, lugha ijulikane mpaka ndani, watu wajulikane kwa majina. Krapf aliona hapo kukosa imani. Rebmann aliona kwa Krapf mbio zisizo na mizizi. Walivutana, na uchungu wa mvutano huo ulibaki kwenye barua zao.

Sasa hapa nataka uniangalie vizuri, wewe unayeishi Isiolo. Hapa kwetu tukiona watu wawili hawaelewani, jambo la kwanza tunauliza ni wa kabila gani. Huyu anaongea kwa sauti, ah, ni mtu wa Meru. Huyu ametulia, ni Msomali huyo. Huyu ni Mturkana, huyu Msamburu, ndiyo maana. Tunafunga faili. Lakini Krapf na Rebmann walitoka eneo moja, Württemberg, vijiji vyao haviko mbali. Walilelewa katika Ulutheri uleule wa watu wa uamsho, walisomea chuo kilekile cha wamisionari cha Basel, na wakatumwa na chama kimoja. Lugha ya mama moja. Bado walikuwa maji na mafuta. Mungu aliwaumba hivyo, na hakuna kabila la kulaumu.

Kulikuwa na mwenzao wa tatu, Jakob Erhardt, ambaye hakuwa kama huyu wala kama yule. Huyu alikuwa mtu wa kusikiliza. Alikaa Tanga akawahoji wafanyabiashara wa misafara juu ya nchi za bara, kisha yeye na Rebmann wakatoa ramani yenye ziwa moja kubwa ajabu katikati ya Afrika. Ramani ilikosea, maana maziwa ni zaidi ya moja. Lakini ilichangia kuwatoa Ulaya kina Burton na Speke waje kutafuta ukweli. Hata kosa la msikilizaji lilifungua njia. Tuendelee.

Mwaka 1853 Krapf akaondoka Rabai, afya imevunjika. Erhardt naye akaondoka mwaka 1855. Rebmann akabaki na mkewe Emma. Burton alipopita Rabai Januari 1857 na kutaka aende naye bara, Rebmann alikataa. Alikuwa na kazi ya kufanya. Kazi gani? Maneno. Aliketi na watu na kuandika maneno yao, ya Kiswahili, ya lugha ya Rabai, na hata ya Kinyanja, ambayo aliifundishwa na mtu aitwaye Salimini, mtumwa aliyetolewa kule upande wa Ziwa Malawi. Mtumwa, ambaye pwani nzima ilimwona kama mzigo wa kuuzwa, Rebmann alimkalisha kama mwalimu. Fikiria saa ngapi hizo. Hakuna makofi katika kazi kama hiyo.

Mtoto wao alikufa. Emma alikufa 1866. Rebmann akabaki. Macho yakaanza kufifia, akabaki. Miaka 29 tangu afike, 1846 hadi 1875, na katika miaka hiyo yote hakurudi Ulaya hata mara moja. Na waumini? Wachache wa kuhesabika. Wageni waliokuja waliona mzee mkaidi, nyumba kuukuu, na kanisa dogo. Baadhi yao waliandika kwamba kazi ya Rabai imelala.

Nisikudanganye, ukaidi ulikuwepo. Mtu mtulivu ana dhambi zake kama mwenye kelele alivyo na zake. Kuna kukaa kwa imani na kuna kukaa kwa sababu umezoea kiti, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili ndani ya nafsi moja. Krapf naye aliwaumiza watu kwa mipango yake. Vijana wengine aliowaleta 1851 hawakudumu. Mmoja alifariki muda mfupi baada ya kufika. Kwa hiyo ukinisikia nasema tuthamini tabia za watu, usinisikie nasema "mimi ndivyo nilivyo" ni jibu. Ukimtukana mwenzako kwenye kikao cha kanisa, hiyo si tabia uliyozaliwa nayo, ni dhambi, tubu.

Sasa tazama kilichotoka kwa kila mmoja.

Krapf hakuweza kutulia hata Ulaya. Mwaka 1862 aliwaleta Wamethodisti pwani na kuwasaidia kuanza Ribe, si mbali na Rabai. Akaondoka tena, kama kawaida yake. Lakini kazi hiyo ya Wamethodisti ilipanda bara, na mwaka 1912 ikafika Meru, pale Kaaga. Wengi wenu mnaosoma hapa mlibatizwa na babu na nyanya waliosoma kwenye shule za Wamethodisti kule juu kabla hamjashuka Isiolo na kukutana na sisi Wapentekoste. Fuata uzi huo nyuma, utamkuta mtu wa haraka aliyekuwa na ndoto kubwa kuliko mfuko wake.

Na Rabai ya Rebmann, ile iliyosemwa imelala? Mwaka 1864 walikuja kumsaidia Wakristo Waafrika waliokuwa wamekombolewa utumwani na kusomeshwa India, kina William Jones na Ishmael Semler. Miaka ya 1880 watumwa wanaotoroka mabwana zao pwani walikuwa wanakimbilia wapi? Rabai. Walifika kwa mamia, na Jones, aliyekuwa mtumwa yeye mwenyewe, ndiye aliyekuwa akiwapokea. Mabwana wakadai watu wao. Mwishowe fidia ikalipwa, na siku ya kwanza ya 1889 watu wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru. Mtu anayekimbia usiku anahitaji mahali pa kukimbilia, mahali palipo na taa na watu wanaojulikana. Mnyororo wa vituo ambao haujajengwa usingemsaidia. Ilibidi mtu awe amekaa.

Kuna jambo moja linanigusa kuliko yote. Rebmann alipoondoka 1875 alikuwa kipofu. Aliyemshika mkono mpaka Ulaya alikuwa kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa waumini wa kwanza wa pale. Na Rebmann akaenda kuishi wapi? Korntal, karibu na Stuttgart, mji aliokuwa akiishi Krapf. Wale wawili, baada ya mivutano yote ile, wakawa majirani wa uzeeni. Rebmann akafariki Oktoba 1876. Mwaka uliofuata kamusi yake ya Kinyanja ikachapishwa, ile aliyoiandika neno kwa neno kutoka kinywani mwa Salimini. Unajua ni nani aliyeihariri na kuitoa? Krapf. Yule mtu asiye na subira aliketi na karatasi za mwenye subira, akazipanga herufi kwa herufi mpaka zikawa kitabu.

Nilipolisoma hilo niliweka simu chini.

Biblia nayo haifichi mambo haya. Soma Matendo 15 kuanzia mstari wa 36. Paulo na Barnaba waligombana juu ya kijana Marko mpaka wakaachana, huyu akaenda Kipro na yule akaenda Siria. Luka haandiki nani alikosea. Paulo alitazama safari iliyo mbele, Barnaba alimtazama kijana aliyeanguka. Kisha nenda 2 Timotheo 4:11, Paulo mzee yuko kifungoni, na anamwagiza Timotheo amlete Marko kwa sababu anamfaa katika huduma. Kama Barnaba asingekuwa na tabia ile iliyomuudhi Paulo, Paulo asingekuwa na Marko wa kumwita.

Sasa lile tatizo letu.

Miaka mitatu iliyopita nilimwondoa dada mmoja kwenye uongozi wa maombi ya alfajiri. Wengine mnakumbuka. Sikumwondoa kwa kosa lolote. Niliona hana moto. Akiombea watu anaongea kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na baba yake mezani. Hapigi kelele, hatembei mbele huku na huku, hashiki kipaza sauti kwa mikono miwili. Mimi nilitaka kanisa litikisike. Nikaweka kijana mwenye nguvu, na kweli likatikisika, na kijana huyo ni baraka, sina neno naye. Dada hakulalamika. Aliketi safu ya nyuma, na mimi nikajiambia kwamba kama hajalalamika basi hakuumia.

Mwezi uliopita tulimzika mzee wetu mmoja. Baada ya mazishi mjane akaniambia kwamba katika miezi saba ya ugonjwa dada huyo alikuwa anakuja kila Jumanne na Ijumaa baada ya kazi, anafua, anapika uji, anasoma zaburi moja, anaomba dakika chache, anaondoka. Miezi saba. Mimi mchungaji nilifika mara nne, na kila mara niliomba kwa sauti kubwa sana. Mjane hakuniambia hayo kunishtaki. Alidhani mimi ndiye niliyemtuma.

Sikuwa nimemtuma. Sikujua hata anakwenda.

Nimekuwa nikihubiri 1 Wakorintho 12 tangu nianze huduma, mwili na viungo, jicho na mkono, naijua kwa kichwa. Lakini katika kanisa ninaloliongoza nimewafundisha watu, bila kusema kwa mdomo, kwamba Roho Mtakatifu ana sauti moja tu, na inafanana na yangu. Kuna ndugu hapa ambao ni wazito wa kuongea na wameanza kuamini kwamba hawajajazwa. Kuna vijana wanaojilazimisha kupiga kelele ili wasionekane baridi. Na ninyi watulivu, msicheke, najua mnavyotuita sisi wengine kule kwenye kundi lenu dogo la WhatsApp. Nimeonyeshwa. Krapf naye mnamhitaji. Bila yeye mngekuwa bado mnajadili rangi ya viti.

Jana, baada ya kuutazama mlima, nilimpigia simu dada huyo. Nilimwomba msamaha, bila "lakini". Nikamwomba arudi kwenye maombi ya alfajiri, aongoze siku mbili kwa juma, kwa sauti yake ileile, na yule kijana abaki na siku zake. Alinyamaza muda mrefu kidogo, nikadhani laini imekatika. Kisha akasema Jumanne na Ijumaa hawezi, maana mjane bado yuko peke yake na jioni hizo huchelewa kulala. Siku nyingine atafikiria.

Nimemwambia asiharakishe.